Pombe na Kazi: Jioni Moja Pamoja na Watu Wanaojaribu Kuacha

Ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za kofia, miwani, viatu vya chuma na vumbi la mawe. Mwezi huu tunawaletea habari ya kitu kisichopiga kelele kama mashine, lakini kinachoingia kazini pamoja na mtu kila asubuhi, kikiwa ndani ya damu yake. Tunasema juu ya pombe.

Msituelewe vibaya. Mwandishi wa habari hii si padri wala pasta, na utamu wa bia ya baridi siku ya malipo anaujua. Yeye ni mtu wa usalama. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni kabla ya posti ya saa kumi na mbili asubuhi, kuwatazama watu macho na kuwasikia pumzi. Siku zile hatukuwa bado na mashine ya kupuliza. Tulitumia pua. Mtu akinuka, niliandika jina lake, naye akarudi nyumbani. Mara ya tatu karatasi yake ilikwenda ofisini. Nilijua kwamba ninaokoa maisha ya watu, na bila shaka mengine niliyaokoa. Lakini sikujiuliza hata siku moja: yule mtu ninayemrudisha anakwenda wapi?

Nesi mmoja ndiye aliyenitia swali hilo kichwani. Aliniambia kwamba mjini Likasi kuna kikundi cha watu waliokuwa wametekwa na pombe, ambao wanakutana kila Alhamisi jioni kusaidiana. Hakuna munganga anayewaongoza, wala hakuna anayelipwa. Mikutano yao mingi ni ya wenyewe tu, lakini mara moja kwa mwezi wanafungua mlango, na mke, mchungaji, nesi au shefu wa kazi anaweza kuingia kusikiliza. Nesi aliniombea nafasi.

Jibu lilirudi na masharti. Nisiandike jina la mtu. Nisitaje mahali. Kalamu ibaki mfukoni mpaka nitoke. Nisiseme neno kama sikuulizwa. Na la mwisho, nesi alilirudia mara mbili: "Kama utaona mutu unayemujua, hukumuona." Haya mnayoyasoma nimewasomea wenyewe kabla hayajapigwa chapa, na mambo fulani ya kazi zao nimeyageuza ili wasijulikane.

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule ya msingi, baada ya watoto kwenda. Madawati yalikuwa madogo, magoti yetu watu wazima yalifika karibu na kidevu. Ubaoni lilikuwa limebaki jedwali la kuzidisha kwa saba. Umeme ulikatika kabla ya kuanza, basi mtu mmoja akasimamisha tochi ya simu ndani ya kikombe, mwanga ukapiga juu na sura zetu zikabaki nusu gizani. Nadhani hakuna aliyesikitika. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na birika la chai na beseni la vitumbua. Nilihesabu watu kumi na mmoja, wanaume tisa na wanawake wawili, nami wa kumi na mbili nyuma kabisa.

Aliyefungua alikuwa muzee mmoja, zamani fundi wa kuchomelea vyuma. Alisema hivi: "Jioni njema. Mimi ni mulevi. Leo sijakunywa." Wote wakajibu: "Karibu, muzee." Basi. Hakuna hotuba.

Neno lile lilinigonga, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba muzee huyu ana miaka tisa hajaonja hata bia moja. Kwa nini aendelee kujiita mulevi? Baadaye, wakati wa chai, niliruhusiwa kumuuliza. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi wa kazi. "Wewe ni mutu wa mine," alisema. "Shimo la zamani tunalifunga namna gani? Tunaweka simenti na waya juu, na kibao cha hatari. Lakini chini, shimo liko palepale. Mimi sikujaza shimo. Nalifunga kila asubuhi."

Wa pili kusema alikuwa dereva wa kamio kubwa za karyere. Alisema polepole, akitazama mikono yake. Usiku alikuwa akinywa lutuku, kwa sababu bia ilikuwa imekuwa kama maji kwake na mshahara haukutosha tena kuinunua. Asubuhi alitafuna kitunguu kibichi. Alijua upepo unatoka upande gani mlangoni na mtu wa usalama anasimama upande gani. (Hapo nilijikunja kidogo kwenye dawati langu. Mimi nilifikiri nawachunguza wao, kumbe wao walikuwa wananichunguza mimi.) Lakini wenzake wa ekipe ndio waliomficha zaidi. Walimlaza nyuma ya kontena saa mbili za kwanza, mwingine akaendesha mahali pake, na shefu alipouliza walisema amekwenda chooni. "Walinipenda," alisema. "Mapendo yao yalibaki kidogo kuniua, na kuua mwingine."

Usiku mmoja alizinduka peke yake, akapanda kamio, akarudisha nyuma bila kupiga honi. Alisikia kitu kama sanduku la bati linapokanyagwa. Ilikuwa gari ndogo ya mfundi wa mataa. Lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa ameteremka kukojoa.

Dereva hakuongeza kitu. Darasa zima lilikaa kimya, na katika kimya kile hakuna aliyesema "pole" wala "ona sasa." Sisi watu wa usalama tungeitisha mkutano, tungeuliza maswali, tungeandika ripoti ya kurasa tano. Sisemi kwamba ripoti ni mbaya. Nasema tu kwamba kwa miaka yangu yote ya ripoti sijamsikia mtu akieleza ajali kwa ukweli namna ile, mpaka kitunguu.

Halafu akasema mama mmoja, na hapa wengine walicheka, naye akacheka nao. Yeye alikuwa mpishi wa lutuku. Wengi wenu mnajua kazi hiyo: unga wa mahindi na muhogo unavundikwa, pipa linawekwa motoni, mvuke unapita ndani ya bomba katika maji baridi, na tone kwa tone chupa inajaa. Kwa lutuku alilipa masomo ya watoto wanne. "Mama anayepika mboga lazima aonje chumvi," alisema. "Nami nilionja. Kwanza kijiko. Baadaye kikombe. Baadaye sikuuza tena, nilikunywa mali yote, na watoto wakafukuzwa shuleni." Ugumu wake ulikuwa tofauti na wa wanaume. Mwanaume akitaka kuacha, anaacha kupita kwenye nyumba ya pombe. Yeye nyumba ya pombe ilikuwa jiko lake, na kuacha pombe kulikuwa kuacha mkate. Kikundi hakikumhubiria. Walichanga fedha kidogo, wakanunua unga, mafuta na sukari. Ndipo nilipojua vile vitumbua vya mezani vimetoka wapi.

Juu ya lutuku nesi ameniomba niweke neno hapa. Pombe ya kupikwa nyumbani haina kipimo, leo ni kali kiasi hiki, kesho mara mbili. Na ikiwa ndani yake mna metanoli, mtu anaweza kupofuka, anaweza kufa, na kwa kunusa au kuonja hawezi kuitambua. Aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni asilale akingoja kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ileile.

Sasa nifike kwa kijana. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkufu wa funguo mkononi, akiuzungusha bila kukoma. Alisema: "Nilikuwa na siku arobaini na moja." Akanyamaza. Jumamosi alikwenda kwenye kilio cha mjomba wake. Watu walikaa usiku kucha nje, baridi ilikuwa kali, mkubwa mmoja wa ukoo akampa kikombe, na kumkatalia mkubwa mbele ya watu kwenye kilio ni jambo zito. Alikunywa kikombe kile, na vingine ambavyo havikutoka kwa mkubwa. Jumapili aliamka bila viatu.

Nilijua yatakayofuata, au nilidhani najua. Nilingoja karipio. Muzee wa kuchomelea akauliza swali moja tu: "Na leo ni siku ya ngapi?"

Kijana akahesabu kwa vidole. "Ya tano."

Wakapiga makofi. Si makofi ya kumhurumia mtu, makofi kamili, kama wangempigia kwa zile arobaini na moja. Halafu mmoja akamuuliza kama ana namba zao zote kwenye simu, na kwa nini hakupiga. Desturi yao ni hiyo: unapiga kabla ya kunywa, si baada. Kila mtu mpya ana mwenzake mmoja aliyetangulia, anayemwita yaya, na yaya anapokea simu hata saa nane za usiku. Kijana alisema alikosa uniti. Siku ileile wakachanga uniti.

Niliporudi nyumbani usiku nilifikiria kile kibao chetu cha mlangoni, mnakijua, kinachosema tumemaliza siku ngapi bila ajali. Tukipata ajali tunarudisha hesabu kuwa sifuri, na sura za watu zinaanguka. Matokeo yake sote tunayajua ingawa hatuyaandiki: mtu akikatwa kidole kidogo anafunga kitambaa na kukaa kimya, asije akaharibu hesabu ya ekipe nzima. Kwa wale watu wa darasani sifuri si aibu. Kama ingekuwa aibu, kijana yule asingalirudi Alhamisi ile, angebaki kwenye lutuku mpaka leo. Hilo ni wazo langu mimi, wakubwa wa kibao wanisamehe.

Njia hii haikuanzia kwetu. Mwezi wa tano wa mwaka 1935, Mmarekani mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Akiwa amesimama katika ukumbi wa hoteli, alisikia sauti za watu kwenye baa, na miguu yake ikataka kwenda. Badala yake alikwenda kwenye simu, akatafuta katika makanisa ya mji ule mtu wa kumwonyesha mulevi mwingine wa kuzungumza naye. Alitafuta mulevi, si munganga! Wakamkutanisha na Robert Smith, ambaye kwa bahati alikuwa yote mawili: munganga wa kupasua na mnywaji mkubwa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa ule ushirika unaoitwa kwa Kifaransa Alcooliques Anonymes, maana yake walevi wasiotaja majina. Wawili wale wakaenda hospitali kumtafuta wa tatu. Mwaka 1939 walitoa kitabu chao, na mwaka 1951 ukaanzishwa ushirika mwingine kwa ajili ya wake, waume na jamaa wa walevi. Sharti la kuingia ni moja: kutaka kuacha. Hakuna karo, na michango ya watu wa nje hawaipokei.

Kikundi cha Likasi kimechukua desturi hizo kwa mikono yake, kimeongeza vitumbua. Je, njia hii inasaidia kweli, au ni maneno tu? Mwaka 2020 wachunguzi walikusanya masomo 27 yenye watu 10,565 na kuyalinganisha. Waliona kwamba wanaosaidiwa kuingia katika vikundi hivi na kudumu humo wanafaulu kuacha kabisa sawasawa na wanaotibiwa kwa njia nyingine zinazojulikana, na mara nyingi kuwapita. Hiyo si kusema kila anayeingia anapona. Katika darasa lile niliambiwa juu ya viti vya watu waliokufa.

Hapa lazima niseme jambo la hatari, na tafadhali msomee hata jirani yako. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, asiache kwa ghafula peke yake nyumbani, hata kama ameapa kanisani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaasi. Kwanza ni jasho, kutetemeka na moyo kupiga mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuwa na homa, kuona wadudu na watu wasiokuwapo, na wengine wanakufa hivyo. Jamaa wanasema amerogwa, wanampeleka kwingine, saa zinapotea. Njia yake ni hospitali. Zipo dawa za kuutuliza mwili siku hizo, na iko vitamini B1, ambayo watu wanaokunywa sana wanaikosa. Kikundi chenyewe kinafanya hivyo: mgeni akija anatetemeka, mmoja anamsindikiza kwa nesi kwanza, mkutano baadaye.

Na kwa sisi wengine, ambao tunasema "mimi nakunywa kwa kipimo", nesi alinipigia hesabu juu ya kisanduku cha dawa. Chupa kubwa ya bia yetu, santilita 72 hivi, yenye pombe asilimia tano, ina gramu 28 za pombe tupu. Mwili wa mtu wa kawaida unahitaji saa tatu mpaka nne kuimaliza chupa moja. Chukua chupa nne, uzianze saa moja jioni: pombe inaweza kuwa bado ndani ya damu saa moja asubuhi, au hata saa tano. Posti inaanza saa kumi na mbili. Kahawa, maji baridi na usingizi haviharakishi kitu, wala kitunguu. Yule anayepuliza asubuhi na taa nyekundu ikawaka, akaapa kwa mama yake kwamba hajagusa chupa tangu jana, mara nyingi anasema kweli.

Nimebakiza mtu mmoja. Alikaa karibu na mlango, nami nilipoingia sikumtazama vizuri kwa ajili ya giza. Aliposema nilitambua sauti. Alisema kwamba zamani, mahali alipofanya kazi, kulikuwa na bwana wa usalama aliyemwandika mara tatu. Mara ya tatu akapoteza kazi. Hakumwambia bibi yake. Kwa majuma matatu alivaa nguo za kazi kila asubuhi, akachukua sahani yake ya chakula, akatoka nyumbani saa ileile, akakaa kando ya reli mpaka jioni. Watoto walimpokea kila siku mlangoni: "Papa ametoka kazini." Chakula kile alikuwa akibadilisha na lutuku.

"Yule bwana nilimchukia," alisema. "Nilifikiri, kama angekuwa na huruma angeniacha niingie. Sasa naendesha watu mimi mwenyewe, nina ekipe ya watu sita. Mulevi akija asubuhi, simwachi aingie. Lakini simwachi aende peke yake."

Hakuangalia upande wangu. Mimi nilitazama jedwali la saba ubaoni, nikalisoma lote mpaka mwisho, na kulisoma tena.

Mwishoni muzee aliuliza kama mgeni ana neno. Nilikuwa nimetayarisha shukrani kwa niaba ya ukurasa huu. Nilisema asante tu, nikakaa.

Wakaanza kurudisha madawati kwenye mistari yake, ili mwalimu akija asubuhi asikute fujo. Nilishika dawati moja, na upande wa pili akaja yeye. Tukasimama hivyo. Umeme ulikuwa bado. Nilifungua kinywa.

"Unanijua, muzee?" aliniuliza.

Nikakumbuka sharti. "Hapana," nilisema. "Sikukuona."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Basi shika vizuri," akasema, "mguu mmoja umelegea." Tukabeba.